Sala haipandi? Jaribu kukaa na ua moja

Pole sana dada kwa msiba. Umesema tangu mumzike mama sala haipandi, na mtu akikwambia "tazama uumbaji wa Mungu" unasikia maneno matupu. Usijilazimishe.

Kama uko Mbeya au Njombe, panda Kitulo. Wenyeji wanapaita Bustani ya Mungu. Ni uwanda wa juu, kama mita 2,600, baridi ya kukata masikio, lakini mvua zikikolea, Desemba hadi Aprili hivi, nyasi zote zinavaa maua, okidi peke yake zaidi ya aina 40. Yanachanua hata pasipo mtu wa kuyatazama. Wema wa Mungu ninauona hapo: haungoji kwanza tuwe na furaha.

Usiende kutafuta ishara. Vaa koti, keti karibu na ua moja, ulitazame dakika kumi. Ukilia, lia tu. Nauli ikikosekana, mwarobaini wa nyuma ya nyumba unatosha. Keti chini yake alfajiri, kabla simu haijaanza kuita.