Kulabu mpya haiongezi nguvu za pikapu: maswali yenu kuhusu kuvuta karavani

Maswali ya safari hii yametoka zaidi kwa ndugu zetu walioko Marekani, ambako familia nyingi hupenda kuvuta karavani wakati wa likizo. Moja limetoka Nanyuki.

Pikapu yangu ni Ford F-150, ina kulabu ya kuvutia trela ya daraja la 3. Nimepata karavani ambayo ikijazwa vitu inafika uzito wa pauni 7,000. Nikifunga kulabu ya daraja la 4 si mambo yatakuwa yamekwisha? (Msomaji, Dallas)

Hapana, ndugu yangu, na nakuomba usilipe chochote kabla hujafungua mlango wa dereva na kusoma stika iliyobandikwa pale kwenye nguzo. Inataja uzito ambao watu na mizigo kwa pamoja hawapaswi kuuzidi. Tuseme yako imeandikwa pauni 1,500, kiasi cha kawaida kwa pikapu za aina hiyo.

Kulabu ya daraja la 4 kwa kawaida huruhusiwa kuvuta hadi pauni 10,000. Hicho ni kipimo cha chuma chenyewe. Chesi, springi, ekseli ya nyuma na breki za gari lako ni zilezile, na kinachoamua ni kile kilicho dhaifu kuliko vyote.

Sasa piga hesabu. Asilimia 10 hadi 15 ya uzito wa karavani hukandamiza ile gololi, yaani kichwa cha duara ambacho trela inakaa juu yake, na uzito huo unahesabiwa kama mzigo wa pikapu. Asilimia 13 ya pauni 7,000 ni 910. Vyuma vya kusawazisha uzito, zile fito zinazofungwa kati ya kulabu na trela, kama 90. Wewe, mama watoto na watoto, tuseme 550. Jenereta na kuni kule nyuma, 150. Jumla ni 1,700. Umezidisha pauni 200 na bado hujatoka getini, na kulabu mpya haijakupunguzia hata pauni moja.

Kwa familia yako ningetafuta karavani isiyozidi pauni 5,000 ikiwa imejaa, au pikapu kubwa zaidi. Najua umeshaipenda hiyo. Basi angalau, kabla ya safari ndefu, ipitishe kwenye mizani ya vituo vya malori, ile ya CAT Scale, watu wote wakiwa ndani. Tofauti na stika, mizani inapima mzigo wenu halisi.

Nikishafunga trela, mkia wa pikapu unalala na taa za mbele zinamulika juu. Nibadilishe springi? (Msomaji, Minneapolis)

Usianze na springi. Mkia ukilala, magurudumu ya mbele yanapoteza uzito, na hayo ndiyo yanayokata kona na kufanya sehemu kubwa ya kazi ya breki. Springi ngumu zitainua mkia, lakini uzito uliotoka kwenye magurudumu ya mbele hautarudi kama inavyotakiwa. Kinachourudisha ni vyuma vya kusawazisha uzito, zile fito mbili ndefu zinazokazwa kwa minyororo au mabano kwenye fremu ya trela.

Chukua futi. Pima kutoka ardhini hadi ukingo wa juu wa tundu la gurudumu la mbele, kabla ya kufunga trela. Funga trela bila fito, pima tena. Utaona mbele imepanda. Kisha kaza fito hadi mbele ishuke kwa kiwango kilichoandikwa kwenye kitabu cha gari. Baadhi ya watengenezaji wanataka irudi nusu tu ya pale ilipopanda, kwa hiyo usikaze kwa kukisia. Hakikisha pia kulabu yako imeidhinishwa kutumika na fito hizo. Lebo yake huonyesha vipimo viwili, cha kuvuta bila fito na cha kuvuta nazo.

Fundi anasema atanichomelea kulabu kwenye bampa ya Hilux kwa bei nafuu. Trela ni ya kupigia kambi, imetoka Afrika Kusini. (Msomaji, Nanyuki)

Mkatalie kwa heshima. Kulabu inafungwa kwenye chesi, kwa bolti, kwenye matundu aliyoyaacha mtengenezaji. Bampa ni ya kupokea mgongano mdogo, na mshono wa kuchomelea unaweza kupasuka kidogokidogo kwenye barabara ya vumbi bila wewe kuona.

Angalia pia gololi. Trela za Afrika Kusini hutumia ya milimita 50, na madukani utakuta pia za inchi 2, sawa na milimita 50.8. Kwa macho zinafanana. Kikombe cha trela, ile sehemu inayofunika gololi, kikiwa cha inchi 2 na kukalia gololi ya milimita 50 kinacheza, na kwenye matuta kinaweza kuchomoka. Soma maandishi yaliyogongwa juu ya gololi yenyewe.

Ni lazima nifunge kidhibiti cha breki za trela? (Msomaji, Columbus)

Kwa karavani, ndiyo. Majimbo mengi yanadai trela iwe na breki zake kuanzia pauni 3,000, na breki za umeme hazifanyi kazi bila kidhibiti mbele ya dereva.

Lori likinipita, karavani inayumba kama mkia wa samaki. Nifanye nini? (Msomaji, Phoenix)

Usikanyage breki, wala usiongeze mwendo. Ondoa mguu kwenye mafuta, shika usukani ukiwa umenyooka, kisha bonyeza kwa mkono breki ya trela peke yake kwenye kidhibiti.

Ukishatulia, kagua mzigo kabla ya kununua kifaa chochote. Karibu asilimia 60 inapaswa kukaa mbele ya ekseli za trela. Baiskeli zilizoning'inizwa nyuma zihamishie kwenye pikapu ukihesabu uzito wake, na tangi la maji machafu, kama liko nyuma, limwagwe mahali panaporuhusiwa kabla hujaingia barabarani.