Usimuulize "hujambo?", muulize jana alikula nini

Mleta uzi, hongereni kwa mdogo wenu kupata nafasi. Umesema anaondoka Septemba kwenda kusoma shahada ya uzamili Glasgow, Scotland, hajawahi kutoka nje ya nchi, na mama hapati usingizi akiwaza kijana asije akavurugikiwa huko. Nimesoma mji huohuo, na mimi nilivurugikiwa kweli. Nakuandikia yale ambayo laiti dada yangu angeyajua wakati ule.

Wengi watawatisha na baridi. Baridi dawa yake koti. Kilichonimaliza mimi ni giza. Desemba kule jua linachomoza karibu saa 3 kasoro robo asubuhi, na saa 10 kasoro robo limeshazama. Nilikuwa napiga kazi usiku kwenye ghala (viza ya mwanafunzi inaruhusu saa 20 kwa wiki muhula ukiendelea), mchana nalala, basi zikapita siku tatu nne sijaliona jua. Nikaacha kwenda darasani. Kisha nikaacha kufungua barua pepe, maana kila nikiona jina la chuo moyo unanienda mbio. Pazia halifunguliwi, chakula ni mkate na chai ya rangi.

Na kila Jumapili mama anapiga. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu, hujambo?" "Sijambo." "Masomo?" "Yanaenda vizuri." Kamera naielekeza ukutani asione chumba. Sikukusudia kumdanganya. Salamu zetu ndivyo zilivyo: hata aliyelazwa hospitali ukimuuliza habari atasema nzuri, ndipo aeleze anapoumwa. Mimi hapo pa kueleza sikuwahi kufika, kwa sababu baada ya "nzuri" maongezi yalihamia kwenye ada ya mdogo wangu na bati za nyumba.

Aliyenigundua ni dada mmoja Mkenya wa ghorofa ya juu, tulikutana chumba cha kufulia. Hakuniuliza habari. Aliuliza, "Jana umekula nini?" Nikakosa jibu. Jioni akagonga mlango, mkononi sahani ya ugali na sukuma wiki imefunikwa kwa sahani nyingine. Akakaa pale mpaka nikamaliza. Kesho yake akanisindikiza ofisi ya ushauri ya wanafunzi.

Nilikuwa naamini nikikiri kwamba nimelemewa, uhamiaji wataambiwa na nitarudishwa nyumbani. Wengi wetu tunaamini hivyo, na tunaumia bure. Unayomwambia mshauri ni siri, isipokuwa uhai ukiwa hatarini. Ambaye chuo kinatakiwa kumripoti uhamiaji ni mwanafunzi aliyepotea masomoni. Yaani kule kujificha kwangu ndiko kulikokuwa kunaihatarisha viza. Nikajaza fomu ya kueleza matatizo yangu, nikaongezewa muda kwenye kazi mbili za darasani nilizochelewa. Ila mdogo wako akifikia kutaka kusimamisha masomo, aongee kwanza na ofisi ya wanafunzi wa kigeni, hilo linagusa viza moja kwa moja.

Ajiandikishe kwa daktari wiki ileile ya kwanza, akiwa mzima. Asione aibu wala gharama: ada ya afya anayolipa anapoomba viza, pauni 776 kwa mwaka, ndiyo inayomfungulia mlango huo, na Scotland dawa za kuandikiwa na daktari hazilipiwi. Vidonge vya vitamini D anywe kuanzia Oktoba, huduma ya afya ya kule yenyewe inashauri.

Ninyi huku, nawaomba sana, msimtumie orodha ya mahitaji ya nyumbani kabla hajamaliza muhula wa kwanza. Zamu nyingi za usiku huanzia hapo.

Na simu. Mwisho wa Oktoba saa zao zinarudi nyuma, tofauti inakuwa saa 3. Mpigie saa 3 usiku, kwake itakuwa saa 12 jioni. Mwambie simu aiegemeze jikoni, apike huku mnaongea, umwone anavyokoroga.