Upele wa dawa: tangulizeni tarehe

Mgonjwa akija na upele, wengi wetu huanza na swali, "Unatumia dawa gani?" Nawaomba ninyi mnaoanza kazi wodini au kwenye dirisha la dawa mtangulize jingine: "Upele ulianza lini?" Kisha chukueni karatasi, pigeni mstari, andikeni siku ya upele, na mrudi nyuma wiki nane mkijaza kila alichomeza, alichochomwa sindano na alichopaka, pamoja na vidonge vya maumivu alivyojinunulia na dawa za mitishamba.

Hilo nililijifunza kwa gharama ya mtu mwingine. Nilikuwa mgeni kazini alipokuja mama mmoja mwenye homa, koo linalouma na vipele kifuani. Siku mbili kabla alikuwa ameanza amoksilini, dawa ya jamii ya penisilini, kwa ajili ya lile koo. Nikaisimamisha, nikaandika "mzio wa penisilini", nikamruhusu aende. Sikuuliza kuhusu kabamazepini ya kifafa aliyoianza wiki tatu nyuma, naye hakuitaja, maana kwake dawa ilikuwa ile ya ugonjwa wa juzi. Alirudi baada ya siku mbili midomo imechubuka, macho yamegandana kwa usaha, ngozi ya mgongo inachunika kama ya mtu aliyeungua kwa maji ya moto. Homa na koo ndivyo vilivyokuwa mwanzo wa madhara ya kabamazepini. Amoksilini ilikuta moto umeshawaka. Alipona, ila macho yake ni makavu hadi leo.

Kwa hiyo shikeni muda. Mabaka yaliyovimba, yanayowasha na kuhamahama huja ndani ya dakika au saa chache. Yakiambatana na kupumua kwa shida au kuzirai, chomeni adrenalini kwenye msuli wa paja papo hapo, maswali yatafuata. Upele wa kawaida wa dawa, wa vipele vidogo kiwiliwilini pande zote mbili, hutokea kati ya siku ya 4 na ya 14 tangu dawa ianzwe, na mapema zaidi kama mwili uliwahi kuikataa dawa hiyo. Hapa wengi huteleza: dozi ya siku 7 inaweza kuwa imekwisha, upele ukatokea siku ya 9, na mgonjwa akaapa kwamba hatumii dawa yoyote. Anasema kweli. Ugonjwa wa Stevens-Johnson, uliompata yule mama, huanza kati ya siku ya 4 na ya 28. Na kuna ule unaochelewa zaidi, wiki 2 hadi 8, uso ukavimba, tezi zikatokeza na ini likaumia. Huo hauachwi bila kupima damu. Dawa iliyotumika miaka mitano kwa amani si ya kushukiwa kwanza.

Picha nyingi za vitabuni ni za ngozi nyeupe, na zinawafundisha kutafuta wekundu. Kwenye ngozi nyeusi upele huonekana wa zambarau, kahawia au mweusi uliokolea, na mwingine hauonekani kabisa mpaka upitishe mkono. Mgonjwa akaguliwe kwenye mwanga mzuri, mdomoni, machoni na sehemu za siri. Madaktari Stevens na Johnson, ambao ugonjwa ule una majina yao, walipoeleza watoto wawili wagonjwa mwaka 1922, macho na mdomo vilikuwa tayari kwenye maelezo yao. Ulizeni pia kama ngozi inauma. Kuwasha ni jambo la kawaida. Ngozi inayouma, hata kabla ya malengelenge, ni ya kumpeleka mgonjwa hospitali kubwa siku hiyohiyo.

Dawa mnayoishuku isimame mapema, lakini kifafa hakisubiri. Mwiteni daktari achague mbadala, na msikubali kabamazepini ibadilishwe kwa fenitoini au fenobabito, dawa nyingine za kifafa, kwa haraka, kwa sababu anayedhurika na moja anaweza kudhurika na nyingine. Alopurinoli ya gauti, nevirapini ya VVU, lamotrijini ya kifafa na kotrimoksazoli ya kuua bakteria nazo huweza kuleta madhara haya, zikae vichwani mwenu.

Jambo moja linaloniumiza: doa jeusi la mviringo kwenye mdomo au uume, linalorudi palepale kila mtu anapomeza kotrimoksazoli au kidonge fulani cha maumivu. Nimeona watu wakitibiwa ugonjwa wa zinaa mara tatu, na ndoa zikitikisika, bila yeyote kuuliza kuhusu vidonge.

Mwisho wa yote mgonjwa aondoke na maandishi. "Mzio wa sindano" halimsaidii mtu. Andikeni jina halisi la dawa, tarehe aliyoianza, tarehe ya upele, na ulivyokuwa. Kichefuchefu msikiite mzio. Faili la yule mama nililirudia, nikafuta penisilini, nikaandika kabamazepini. Karatasi yake huitembeza mkobani, pamoja na chupa ya matone ya macho.