Maswali na Majibu: Kazi za Wenye Jicho Kali

Nikisoma tangazo lolote, kosa naliona kabla ya ujumbe. Wenzangu wanasema nasumbua. Kuna kazi inayonifaa?

Zipo nyingi, ndugu yangu. Ila kwanza chunguza jicho lako linanasa nini, maana umakini si wa aina moja. Kuna anayeona herufi iliyodondoka lakini tarakimu zilizogeuzwa zikampita hivi hivi. Ukinasa maneno, angalia uhariri, usomaji wa prufu (nakala ya majaribio kabla ya kuchapa), tafsiri au uandaaji wa mikataba. Ukinasa namba, kuna uhasibu, ukaguzi wa hesabu na takwimu. Wapo pia wanaonasa vitu: skrubu iliyolegea, mshono uliopinda, rangi iliyobadilika kidogo. Hao wanafaa sana maabara, ufundi wa ndege, upimaji ardhi. Kwa wiki moja andika kwenye daftari kila kosa uliloliona bila kulitafuta, kisha usome umeandika nini zaidi.

Nasomea uhasibu. Kweli kazi yenyewe ni kukodolea namba macho kutwa nzima?

Hapana, na hapa ndipo utamu wa kazi ulipo. Tuseme pande mbili za hesabu zimekataa kulingana, tofauti ni 900. Mhasibu mzoefu haanzi kupekua kila risiti. Anagawa kwa 9. Ikigawanyika bila kubaki kitu, anashuku kwanza kwamba kuna tarakimu mbili zimebadilishana nafasi, mfano 5,400 imeingizwa kama 4,500, na anaanza kutafuta hapo. Jicho linahitaji mbinu za namna hii, la sivyo kufikia saa kumi jioni limechoka na linapitisha chochote.

Nataka kazi ambayo umakini wangu utamsaidia mtu kweli, si kupanga mafaili tu.

Fikiria famasia. Dozi ya miligramu 1 ikiandikwa 1.0, halafu nukta ikafifia, inasomeka 10: mgonjwa anapewa mara kumi. Ndiyo maana wafamasia hufundishwa kuacha ile sifuri ya mwisho, na kwa nusu miligramu kuandika 0.5, kamwe si .5. Maabara nako, kichupa cha damu kinabandikwa jina pale pale mgonjwa alipo, kabla aliyemchukua damu hajageuka kumhudumia mwingine. Kwenye uhandisi pia uzito ni huo huo. Mwaka 1999 NASA, shirika la anga za juu la Marekani, ilipoteza chombo cha anga cha Mars Climate Orbiter kwa sababu programu moja ilitoa hesabu za msukumo kwa vipimo vya pauni, nyingine ikazipokea kana kwamba ni za metriki. (Mafaili nayo usiyadharau. Jalada likipotea, kuna mtu anakosa haki yake.)

Bosi anasema kazi yangu ni safi lakini nachelewa mno. Nifanyeje?

Bosi wako ana hoja, na nakuambia kwa kuwa yamenikuta. Nikiwa mhariri mchanga nilitumia saa nzima kurekebisha mikato ya makala moja, huku jina la mtu lililokosewa kwenye kichwa cha habari likienda mitamboni. Kabla hujaanza kazi, amua kosa likiwa wapi litaumiza: majina, tarehe, fedha, vipimo. Hapo kagua mara mbili, na ukiweza mara ya pili soma kwa sauti. Penginepo mara moja yatosha, kisha kabidhi. Kama hata baada ya kukabidhi moyo unaendelea kukuhangaisha usiku, hiyo imeshakuwa hofu ya kukosea. Zungumza na mtu unayemwamini.

Kwenye wasifu wangu niandike “mimi ni makini”?

Futa. Kila mwombaji ameandika hivyo. Eleza kosa moja ulilowahi kulinasa: lilikuwa wapi, uliligunduaje, na lingegharimu nini kama lingepita. Halafu mpe mwingine ausome wasifu wenyewe kabla hujautuma.