Filamu ya harusi haionekani kwenye TV

SWALI: Nimeunganisha video za harusi ya dada kwa OpenShot, programu ya kuhariri video, nikahifadhi kwenye flashi. TV ya mama haionyeshi kitu. Flashi imekufa? – Msomaji, Tanga

JIBU: Flashi nzima, mdogo wangu. Ulichobeba ni faili la mradi, lile la .osp: linakumbuka tu wapi umekata na wapi muziki unaingia. Video zenyewe zimebaki kwenye kompyuta, usizifute! Fungua mradi, bonyeza kile kiduara chekundu juu, chagua MP4 (h.264), usubiri itoe filamu kamili, ndiyo uiweke kwenye flashi. Kompyuta kuukuu itahema, iache ihangaike.

Flashi yenye mpangilio wa FAT32 (namna flashi inavyopanga mafaili) haipokei faili moja la GB 4 au zaidi. Ikigoma, punguza hotuba, uanze na ya mjomba. Vigelegele viache, ila punguza sauti ya wimbo hapo visikike.