Maswali ya Wasomaji: Vitamini D na Mtoto Mwenye Unene wa Kupindukia

SWALI: Assalaam aleikum, Daktari. Mwanangu wa kiume ana miaka 10, uzito wa kilo 52 na urefu wa sentimita 140. Alipimwa damu kwa sababu ya uchovu na maumivu ya miguu, ikaonekana kuwa vitamini D yake ni nanogramu 14 kwa mililita, na sukari kabla ya kula ni milimoli 5.8 kwa lita. Jirani yangu ananihimiza nimtafutie sindano ya vitamini D, kwani anaamini kuwa upungufu huo ndio uliomnenepesha, na kwamba ukiondoka atapungua na sukari itashuka. Ninastaajabu mtoto wa Mombasa akose vitamini ya jua. Tena shingoni ana weusi usiotoka hata nimsugue kwa dodoki. (Mama, Majengo)

JIBU: Waaleikum salaam, mama. Nitaanza na shingo, ingawa umeitaja mwisho, na nakuomba uache kumsugua kuanzia leo. Ngozi inayokuwa nyeusi na nene shingoni, makwapani au kwenye kinena kwa mtoto mwenye uzito mkubwa si uchafu. Mara nyingi ni dalili kwamba mwili umekuwa sugu kwa insulini, yaani homoni inayoingiza sukari kwenye seli, hivyo kongosho hulazimika kutoa insulini nyingi zaidi ili kazi ifanyike, na wingi huo ndio unaoibadilisha ngozi. Sukari ya 5.8 kabla ya kula inaelekea upande huo huo, kwa sababu kiwango cha kawaida ni chini ya 5.6, na kisukari huhesabiwa kuanzia 7.0. Kipimo kimoja hakitoshi kutoa hukumu, lakini mambo haya mawili yananitia wasiwasi kuliko ile nanogramu 14.

Sasa tuje kwenye vitamini yenyewe. Wataalamu wengi wa afya ya mifupa huhesabu kiwango cha chini ya 12 kuwa ni upungufu hasa, baina ya 12 na 20 kuwa hakitoshi, na 20 kwenda juu kuwa kinatosha. Mwanao yuko katikati, naye yumo katika miaka ya kujenga mifupa, kwa hivyo kiwango chake kinafaa kupandishwa. Katika hilo jirani yako hakukosea. Alipokosea ni katika kuigeuza sababu kuwa matokeo.

Vitamini D huyeyuka katika mafuta. Inapotengenezwa na ngozi au kuingia kwa chakula, sehemu kubwa huenea katika mafuta ya mwili, na inayobaki kuzunguka katika damu huwa ndogo kwa mtu mwenye mafuta mengi. Ni kama kijiko kimoja cha chumvi, ambacho katika sufuria ndogo ya mchuzi hukolea, lakini katika sufuria la harusini hakisikiki. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2000 ulionyesha jambo hili kwa watu wazima: walipoangaziwa mwanga ule ule, ngozi za wanene na za wembamba zilikuwa na malighafi ya vitamini hiyo inayokaribiana, ila ongezeko la vitamini D katika damu ya wanene halikufika nusu ya lile la wenzao. Mwaka 2013 wanasayansi walichunguza chembe za urithi za watu zaidi ya 40,000, wakakuta kwamba urithi unaoelekeza mtu kwenye unene hushusha vitamini D, lakini urithi unaoshusha vitamini D haukuonekana kuleta unene. Basi jua la Mombasa halijamnyima mwanao kitu, na hiyo 14 kwa sehemu kubwa ni alama ya uzito wake.

Je, ukiipandisha, sukari itashuka? Natamani ningeweza kukujibu ndiyo, kwa kuwa matone ni rahisi kuliko kubadili maisha ya nyumba nzima. Jaribio kubwa lililotolewa mwaka 2019 liliwapa watu wazima waliokaribia kisukari yuniti 4,000 kila siku, na walipolinganishwa na waliopewa vidonge visivyo na dawa, tofauti katika kupata kisukari haikutosha kuwa ushahidi. Kwa watoto wenye unene majaribio ni madogo na majibu yake yanapishana: baadhi yaliona insulini ikifanya kazi vizuri kidogo, mengine hayakuona badiliko, na uzito kwa kawaida haupungui. Msimamo wangu, kwa hiyo, ni kwamba mtoto apewe vitamini D kwa ajili ya mifupa yake, na asipewe kwa matumaini ya kumpunguza.

Sindano ya dozi kubwa sikushauri uitafute mwenyewe. Vitamini hii ikizidi mno hupandisha kalsiamu katika damu, na mtoto huweza kupata kiu kali, kutapika, kufunga choo, hata mawe ya figo. Mtoto wa umri wake huhitaji yuniti 600 kwa siku. Mwenye unene wa kupindukia huweza kuhitaji mara mbili au tatu ya hizo, na mipaka ya usalama bila usimamizi wa daktari ni yuniti 4,000 kwa kuanzia miaka 9. Baadhi ya chupa huandikwa kwa mikrogramu, nawe ujue kwamba mikrogramu 1 ni yuniti 40. Umpe pamoja na chakula, si tumbo likiwa tupu, na daktari ndiye aamue dozi na muda wake.

Umwombe daktari huyo pia ampime shinikizo la damu, sukari ya wastani wa miezi mitatu, mafuta ya damu na ini, maana mafuta hujikusanya kwenye ini la mtoto kimyakimya. Mweleze kama anakoroma usiku. Na hili nalisisitiza: akianza kuchechemea, au kuumwa na nyonga au goti, apelekwe siku hiyo hiyo apigwe eksirei, kwa sababu kwa watoto wazito wanaokaribia kubaleghe kichwa cha mfupa wa paja huweza kuteleza kutoka mahali pake, na kuchelewa huleta kilema.

Dawa ya usugu wa insulini iko katika siku yake ya kawaida. Asubuhi ni chai ya sukari nyingi na mahamri, shuleni soda, akitoka chuoni (madrasa) jioni viazi karai na juisi ya miwa, kisha tuisheni, kisha simu mpaka usiku wa manane; najua kwamba hivi ndivyo wanavyoishi watoto wengi wa mjini. Anzeni na vinywaji, kwa kuwa soda moja ya mililita 300 huweza kuwa na sukari ya takriban gramu 30, na maji hayamnyimi mtoto kitu. Mchezo wa kumtoa jasho ufike wastani wa dakika 60 kwa siku, iwe ni mpira katika uwanja wa Makadara au kukimbizana na nduguze katika bustani ya Mama Ngina. Alale mapema. Msimpe njaa wala msimtengee sahani yake peke yake: nyumba nzima ile namna moja, na shangazi wasimwite bonge. Akibaki na kilo hizo hizo huku akirefuka, hayo ni mafanikio ya kweli.

SWALI: Mjukuu wangu wa kike ana miaka 13, ni mnene, huvaa buibui na huenda shule kwa tuktuk. Nimkalishe dirishani apate jua la alfajiri? (Babu, Mji wa Kale)

JIBU: Shikamoo, babu. Kioo huzuia karibu miale yote inayotengeneza vitamini D, na jua la alfajiri huwa halina miale hiyo ya kutosha. Inayofaa hupatikana wakati kivuli cha mtu kikiwa kifupi kuliko kimo chake. Ikiwa nyumba ina ua au dari lenye sitara, acheze huko na nduguze mikono na miguu ikiwa wazi kwa muda mfupi, bila kuungua. Pasipo nafasi hiyo, matone ya kila siku yanatosha, na vazi lake halina haja ya kubadilishwa. Mtoto mwenye ualbino asiwekwe juani kwa ajili hii kabisa.

SWALI: Je, samaki wanatosha, au nimpe mwanangu mafuta ya ini la samaki? (Baba, Likoni)

JIBU: Vibua, jodari na dagaa ni miongoni mwa vyakula vyenye vitamini D nyingi, nao wakipikwa wa kupaka au wa kuchoma mara mbili tatu kwa wiki husaidia, kiini cha yai huongeza kidogo. Mafuta ya ini la samaki yana vitamini A nyingi pia, ambayo ikizidi hudhuru ini, kwa hivyo usiyachanganye na matone mengine kabla ya kumwonyesha daktari au mfamasia chupa zote mbili.