Huduma kwa Wagonjwa Haisimami kwa Harambee ya Siku Moja

Dada mmoja aliyechaguliwa hivi karibuni kuwa katibu wa kamati ya diakonia, yaani huduma ya kanisa kwa wagonjwa na wahitaji, katika usharika wake ameniandikia akitaka kujua namna ya kuwahudumia wagonjwa hospitalini, kwa maana wamekwisha kufanya harambee zaidi ya moja, fedha zikapatikana, na baada ya miezi michache huduma ikafa. Namjibu hapa kwa sababu naamini wengi mnaosoma mna nia kama yake, na kwa sababu katika usharika wetu hapa Moshi huduma hii imesimama, jambo ambalo namshukuru Mungu kwalo na wala sioni haya kusema kwamba ninajivunia.

Sisi hatukuanza na fedha. Tulikwenda kwa muuguzi mfawidhi, tukamwuliza ni nani wodini asiye na mtu. Alitueleza kwamba sabuni na mikate huletwa na vikundi vingi, hasa Krismasi na Pasaka zinapokaribia, lakini chakula cha kila siku huletwa na ndugu wa mgonjwa, na aliyetoka mbali, kwa mfano Simanjiro au milima ya Same, hubaki peke yake ndugu wanaporudi nyumbani kutazama watoto na mifugo. Hapo tukajua kazi yetu ni uji wa asubuhi.

Kazi hiyo tukaikabidhi kwa jumuiya, yaani vikundi vidogo vya washarika majirani, kwa zamu. Wiki ikifika zamu ya jumuiya yenu, mnajua ni nani atakayesaga ulezi, nani atawasha moto kabla hakujapambazuka, na nani ana pikipiki ya kupeleka chupa za chai. Sukari hatuitii jikoni; huwekwa kando katika kopo lenye kifuniko, kwa kuwa wapo wenye kisukari. Tena hakuna anayemmiminia mgonjwa uji kabla ya kumwuliza muuguzi wa zamu, maana huenda mgonjwa huyo anasubiri upasuaji na ameagizwa asile kitu. Mtu wa kujitolea asiyeuliza anaweza kumdhuru yule yule aliyekuja kumhudumia. Ulizeni, na kesho yake ulizeni tena.

Fedha zilifuata baadaye, kidogo kidogo, katika bahasha ya kila Jumapili na katika mnada baada ya ibada, ambako mkungu wa ndizi hununuliwa, mnunuzi akaurudisha, ukauzwa tena. Paulo alipokuwa akiwachangia watakatifu wa Yerusalemu, aliwaagiza Wakorintho kwamba siku ya kwanza ya juma kila mtu aweke akiba kwake kwa kadiri ya kufanikiwa kwake, ili michango isisubiri mpaka yeye afike. Hakuwaomba wangoje siku ya mgeni rasmi. Harambee ina mahali pake, kwa mfano kununua kiti cha magurudumu, lakini uji unahitajika Jumanne ile ambayo hakuna aliyepiga picha.

Nisifiche lililoniumiza. Mwaka mmoja kiongozi wetu aliamua fungu la diakonia lihamishiwe kwenye ujenzi, bila kutuuliza sisi tuliokuwa tukienda wodini. Uji ukasimama. Mimi ndiye niliyekwenda kumweleza muuguzi kwamba hatutafika, na lile jambo lilinikata maini. Mpaka leo sijasikia neno la samahani. Kinamama wa jumuiya yetu waliendelea kwa unga wa majumbani mwao mpaka baraza la wazee likakubali fungu hilo liwe na daftari lake, watia saini watatu, na taarifa inayosomwa kanisani kila mwezi. Ndugu zangu, msianze huduma kabla ya kupata hayo kwa maandishi. Sadaka ya maskini ni ya maskini, na jengo zuri la kanisa haliwezi kuwa sababu ya mgonjwa kulala na njaa.

Nalisema hili kwa uchungu kwa sababu tumezoeshwa kuona diakonia kama kazi ya wafadhili. Hospitali ya Haydom ilianzishwa mwaka 1955 na wamisionari wa Norwe, na hospitali ya KCMC hapa Moshi ilipofunguliwa mwaka 1971 sehemu kubwa ya fedha ilikuwa imechangwa ng'ambo. Tunawashukuru. Lakini Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT) limekuwa kanisa moja tangu mwaka 1963, na washarika wenye mashamba, maduka na mishahara hawana sababu ya kungoja barua kutoka Ulaya ili mgonjwa apate kikombe cha uji. Anayeweza kuchangia harusi ya jirani anaweza kuchangia kilo ya ulezi.

Jambo jingine ni gharama za matibabu. Mkishajulikana wodini, mtaombwa kulipa bili, na huruma itawasukuma mlipe. Mpelekeni kwanza mgonjwa huyo kwa afisa ustawi wa jamii wa hospitali, kwa kuwa upo utaratibu wa msamaha kwa asiye na uwezo, na afisa huyo ndiye mwenye kazi ya kumchunguza. Fungu letu tumelielekeza kwenye nauli ya kurudi nyumbani, maana mara nyingi mgonjwa huruhusiwa, bili ikamalizika, naye akabaki kwenye benchi la nje kwa kukosa fedha za basi. Tiketi hununuliwa na mtu wetu stendi, naye humsindikiza mgonjwa mpaka kwenye kiti chake.